Wafula, Jumamosi Tunampeleka Naliaka kwa Dinosa

Mdogo wangu Wafula,

Nianze na ugomvi, kwa sababu wewe na mimi hatukuwahi kuanza na kitu kingine. Umeniachia mtoto mwenye maswali kama askari wa kituo. Tangu asubuhi Naliaka ananifuata jikoni, chooni, mpaka kwenye cherehani. Hao dinosa wananguruma au wamesimama tu? Meno yao ni ya kweli? Na mtu akiwagusa? Nimemwambia akamuulize Kukhu, mama yetu, kwa maana Kukhu ni mzee kuliko hao dinosa. Mtoto amecheka mpaka akakohoa. Amechukua kicheko chako, kile cha kukera.

Jumamosi tunakwenda. Ile safari uliyoipanga mwaka jana, ya familia nzima kwenda kule nje ya mji walikosimamisha sanamu za dinosa katikati ya miti, hatimaye tunaifanya. Mwaka jana hatukufika kwa sababu siku moja kabla ya safari watu walikuua kwenye kichochoro cha ploti ninayopanga hapa mtaani Mowlem, mchana, jua likiwaka. Naandika hivyo bila kuzungusha. Kwenye mazishi walisema umetuacha, umelala, umepumzika. Hukulala. Ulipigwa mawe.

Wewe na dinosa mlianza zamani. Ulikata picha kwenye kitabu kilichochanika, ukaibandika kwa ugali ukutani juu ya kitanda chetu kule Kaloleni, na mende wakaila mkia kabla ya mwisho wa wiki. Uliwakasirikia wale mende mpaka ukakataa chakula. Unakumbuka ile siku uwanjani, karibu na ukumbi, wavulana wa upande wa pili waliponichania sare ya shule? Wewe ulikuwa mdogo kuliko wote, tena miguu mitupu. Uliwaingia kwa kichwa. Walikupiga kweli kweli. Walikupasua nyusi, damu ikajaa jicho moja, na bado umemshika mmoja wao sikio kwa meno. Watu wazima walipokuvuta, ulinitazama na mdomo mwekundu ukasema, "Dinosa haachilii." Jioni Baba akakuchapa kwa ule mkanda wake mpana wa kazini reli, kwa kosa la kuleta kesi nyumbani. Hukulia. Nililia mimi kwa niaba yako, kwa sauti kubwa, mpaka jirani akaja kubisha.

Hivyo ndivyo tulivyolelewa, kwa kupigwa na kupiga. Sisemi ilikuwa sawa. Nasema tu kwamba mikono ninayo, na mwaka huu mzima imekuwa ikiniwasha.

Safari uliileta wewe. Ulikuja Jumapili baada ya kanisa, ukanisukumia simu puani. "Sista, cheki hii. Naliaka akiona hii atazimia." Kwenye picha kulikuwa na dinosa wa kijani ameachama, na chini yake familia moja wanakula mayai ya kuchemsha bila wasiwasi wowote. Uligawa kazi kana kwamba tunahamia huko. Mama achemshe viazi vitamu. Mimi nipike chapati, kwa sababu zako zinafaa kuziba pancha. Ivy wangu ashike mikeka. Wewe ungepika chai ya maziwa hapo hapo chini ya miti, maana ulisema chai ya chupa ni ya wagonjwa. Halafu tukagombana kuhusu tisheti. Familia yetu haijawahi kwenda popote, iwe arusi iwe matanga, bila kufanana. Mimi nilitaka rangi ya damu ya mzee, isiyoonyesha uchafu. Ulinicheka. "Hiyo ni ya kwaya, Sista. Tuvae white. Kaloleni yote ituone tukitoka." Zikachapishwa nyeupe, na dinosa mwekundu kifuani.

Gesi ya Mama ilikuwa imeisha, kwa hiyo tulikubaliana uje uchukue mtungi wangu mdogo. Mimi nilikuwa sokoni na sare za shule za watu. Nilikupa ufunguo wangu wa ziada ukautia mfukoni, ukaja, ukafungua, ukachukua, ukafunga mlango. Hadi hapo kila kitu kilikuwa sawa. Kosa lako lilikuwa moja tu, na lilikuwa kosa la mtu mwenye majivuno. Ulikuwa tayari umevaa ile tisheti. Hukuweza kungoja kesho yake. Ulitaka kupita nayo Mowlem yote, na mtungi wangu ulikuwa na masizi, kwa hiyo ulivua shuka la maua kitandani kwangu ukaufunga mtungi ndani yake ili usikuchafue.

Wafula, wewe ni mtoto wa Eastlands. Unajua mtu anayetoka kwenye ploti mchana na mtungi wa gesi ndani ya shuka anaitwa nani. Mwezi huo walikuwa wameiba mitungi kwenye ploti yetu mpaka watu wakawa wanalala wameikumbatia. Ungeubeba wazi begani, watu wangekusalimia. Ungevaa shati lako la kazi, ungekuwa hai. Nimekasirika nawe kwa hilo mpaka leo, na sijui niitupe wapi hasira hiyo. Ni tisheti tu. Ningekufulia.

Simu iliyonifikia ilikuwa ya Mama Shiru, yule anayeuza mboga mbele ya lango letu. "Mama Ivy, kuja mbio! Wameshika mwizi akitoka kwako na gesi!" Nilijua papo hapo. Nilipiga kelele soko zima likageuka. "Ni ndugu yangu! Waambie ni ndugu yangu!" Nikamsikia naye akipaza sauti, "Ni ndugu yake! Wacheni! Ni ndugu ya Mama Ivy!" Halafu nikasikia kile kingine. Sauti ya jiwe likiingia kwa mtu si kubwa. Nimeishi nayo. Nikikata nyama inakuja.

Nilipofika ulikuwa chini karibu na mtaro, na tairi limekwama kwenye bega lako kwa sababu walishindwa kulipitisha vizuri. Hawakuwahi kuliwasha moto. Mama Shiru alikuwa amelala juu yako na leso yake, na walimpiga yeye pia mgongoni kabla hawajatawanyika. Uso wako niliufunika ili Mama akifika asiuone. Sitakuandikia ulikuwaje. Ile tisheti waliikata hospitalini wakaniuliza kama naitaka, na nilimwambia yule nesi maneno ambayo hakustahili.

Na Baba Brian, jirani yangu wa mlango wa pili, yule mwenye gari la kubebea mizigo, nilimkuta kwenye bomba la ploti akinawa mikono. Alinawa mpaka kwenye kiwiko. Aliponiona alifunga bomba polepole, ili maji yasipotee, akaingia kwake.

Polisi walikuja wakaandika kwamba uliuawa na watu wasiojulikana. Wasiojulikana! Tunachangia kamba ya kuanikia nguo. Najua nani anakoroma na nani anamdanganya mkewe. Niliuliza mlango kwa mlango, na ploti nzima mchana huo ilikuwa imelala usingizi, au imeenda hospitali, au imefua. Hakuna aliyeona mtu. Wachache walinipa pole, halafu nikiwapa mgongo wakasema, pole yake, lakini huyo ndugu yake alikuwa mwizi, familia zinafichiana. Mama aliniambia nihame. Nilikataa. Nikihama watasema familia ya mwizi imetoroka. Badala yake nikamleta Naliaka akae nami, kwa maana mama yake bado yuko kazini Saudia na anaweza tu kulia kwenye simu.

Kwa hiyo nimekaa nao. Nimewasalimia. Nimeshona sare za watoto wao, na mara nyingine nimeacha pini mahali fulani kwa makusudi, na sijutii.

Nilidhani naweza kuendelea hivyo. Lakini juzi Naliaka alirudi kutoka kucheza, akakaa kwenye kigoda, akavua kiatu kimoja akakiangalia. "Senge," akaniambia, kama anavyoniita mimi shangazi yake, "baba aliiba nini?" Nikamuuliza nani kamwambia hayo. Brian, mtoto wa mlango wa pili. Walikuwa wanapanga nani atakuja safari na nani hatakuja, na Brian akamwambia, "Na hiyo dinosa yenu muende nayo, mtoto wa mwizi."

Nilimwambia, "Baba yako hakuiba kitu."

"Sasa kwa nini walimpiga?"

Nikamvisha kile kiatu; ana miaka saba tu. Na nikaona vizuri kilicho mbele yangu. Wewe wameshakuua, hilo siwezi kuligeuza. Lakini yeye atakua hapa, ataolewa siku moja, atagombana na mtu foleni ya maji, na kila mara jina hilo litamngoja mlangoni. Neno langu halikutosha. Mimi ni dada, lazima niseme hivyo. Lilitakiwa neno la mtu aliyekuwepo.

Jana alasiri akaja mwenyewe. Nilikuwa napiga pasi kwenye veranda, ile pasi yetu ya makaa, na Naliaka na Ivy wamekaa mlangoni wanachagua mchele. Baba Brian akasimama mbele ya meza na mikono mfukoni. Amekonda mwaka huu. Nimemwangalia akikonda, na nimefurahi.

"Mama Ivy, niaje. Nimeskia mnaenda pale kwa dinosa Saturday."

Nikageuza kola.

"Sasa mimi niko na gari, na hiyo siku siko job. Naweza wapeleka. Bure kabisa. Hata nishawapanguzia viti."

Bure, Wafula. Viti amepangusa. Sikumbuki nikiamua. Nakumbuka tu pasi ikiwa hewani na uzito wake ukinivuta bega. Ilimpata chini ya shingo, kifuniko kikafunguka, makaa yakammwagikia kifuani yakaingia ndani ya shati. Nilisikia harufu ya nywele zikiungua. Akaanguka kwa magoti akijipiga kifua, nami nikazunguka meza nikampiga tena, mkononi, kwa upande wa chuma. Kitu kilivunjika, kidole nadhani. Nilikuwa napiga kelele maneno ya Baba, matusi ya reli ambayo sikujua nimeyahifadhi. Nilimpiga teke la mbavu. Na niseme ukweli, nilijisikia vizuri. Nilijisikia mtu mzima tena kwa mara ya kwanza tangu uzikwe.

Hakukimbia. Hakuinua mkono. Hilo lilinikasirisha zaidi.

Ploti ikatoka. Wale wale waliokuwa wamelala siku yako, sasa wote macho, milangoni, ghorofani, wengine na simu juu wakipiga picha. "Mpe! Mpe, Mama Ivy!" Mwanamke mmoja, ambaye mwaka jana aliniapia kwa jina la Yesu kwamba alikuwa sokoni Gikomba, akapaza sauti, "Ni huyo! Si ni yeye aliua ndugu yako!" Kumbe aliona. Wote waliona. Jamaa mmoja wa ghorofani akashuka na kipande cha nondo, akaniwekea mkononi kwa heshima, kana kwamba ananipa chai. "Malizana naye, madam. Hatuko." Tayari mtu alikuwa ameokota jiwe. Duara likafungwa. Nikajua hivi ndivyo lilivyofungwa kukuzunguka wewe, kwa nyuso hizi hizi, kwa kicheko hiki cha woga, na ningesema neno moja tu, Baba Brian angekuwa maiti kabla ya chai ya saa kumi. Wasingehitaji hata mkono wangu.

Niliinua nondo. Nilichagua mahali kichwani.

Ndipo akasema, uso chini, "Alisema ako na kifunguo."

Nikamwambia arudie.

"Alisema ako na kifunguo. Alisema, 'Angalieni mfuko. Angalieni tu mfuko.' Alisema mara mingi."

"Na mliangalia?"

"Hapana."

"Ulimsikia Mama Shiru akisema ni ndugu yangu?"

Alipangusa pua kwa bega. "Nilimskia. Lakini jiwe lilikuwa kwa mkono."

"Jiwe huwekwa chini, Baba Brian. Hata mtoto anaweza kuweka jiwe chini."

Yule mwenye jiwe alilificha nyuma ya mguu wake. Na mimi nikageuka nikamwona Naliaka. Hakuwa amefunika uso kama Ivy. Alikuwa amesimama mlangoni na sinia la mchele limeelekea upande mmoja, mchele ukimwagika kidogo kidogo, akiangalia nondo, halafu mimi, halafu nondo.

Nikamwambia Baba Brian asimame. Alishindwa, nikamvuta kwa kola. Nikamwambia amtazame mtoto na aseme, na aseme kwa sauti wa ghorofa ya juu wasikie. Alisimama, kidole kinaning'inia, shati lina matundu ya moto.

"Baba yako hakuwa mwizi," akasema.

"Zaidi."

"Hakuwa mwizi! Wafula hakuwa mwizi! Alikuwa anabebea dadake gesi. Alikuwa na kifunguo. Mimi ndio nilimpiga, na hawa wote walikuwa hapo." Akaonyesha kwa mkono ule wenye kidole kilichovunjika, mlango baada ya mlango, na milango ikaanza kufungwa.

Naliaka aliweka sinia chini. Akamwuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza njia, "Aliumia sana?"

Baba Brian alimjibu ndiyo.

Sikumzuia. Labda ilinipasa kumzuia. Lakini lilikuwa swali lake, si langu, na mwaka mzima sisi wakubwa tulikuwa tumemjibu uongo.

Leo asubuhi amekwenda na Mama Shiru kituoni, kwa miguu yake, mkono umefungwa leso, kwenda kusema tena yale aliyosema. Kama watayaandika sijui. Wanaweza kuja kunichukua mimi vilevile kwa ajili ya pasi, na wakija nitakwenda, lakini waje Jumapili. Jumamosi nina kazi. Mkewe alikuja kulia mlangoni kwangu na sikumfungulia, halafu nikafungua. Nilimpa maji. Wa ghorofani wananisalimia kwa adabu mpya ambayo siitaki. Brian hajatoka nje tangu jana, na Naliaka ameniuliza kama naye anaweza kuja na sisi. Nimemwambia hapana. Mimi si malaika, na wewe unajua.

Gari tumepata la fundi mmoja wa kanisani kwa Mama. Chai itakuwa ya chupa, utuvumilie. Mama ameshonewa gauni na mimi mwenyewe na bado amelalamika kiuno. Hatufanani safari hii. Kila mtu atavaa alichonacho, na Naliaka amechagua sweta la manjano ambalo litamtesa jua likipanda, lakini amekataa kusikia. Nitamwonyesha yule wa kijani aliyeachama. Nitamwambia ni wewe uliyemtaka aje hapa, na kwamba ulipokuwa mdogo ulimng'ata mtu sikio kwa ajili yangu. Akiniuliza mengine nitamjibu, yote, kidogo kidogo, kadiri atakavyouliza.

Ninakukumbuka mchana kuliko wakati wowote. Nakukumbuka nikichelewa kitu, kwa sababu ulikuwa unanisema. Naona haya kukuambia hivi sasa wakati hukunisikia nikisema ukiwa hai, lakini nilikupenda wewe kuliko nilivyompenda mtu yeyote aliyewahi kunikasirisha.

Na kama huko uliko unataka kujua kwa nini Baba Brian bado anapumua, usidhani nimemsamehe. Mkono ulikuwa juu, na nilikuwa na kila sababu, na ploti nzima ilikuwa imeshakubali kutoona. Nilimwacha kwa sababu binti yako alikuwa ananitazama, na nilikuwa mtu wa pekee katika duara lile ambaye mtoto huyo bado alikuwa hamwogopi.

Lala pale Webuye karibu na Baba, na msigombane.

Ni mimi, dada yako mkubwa.